Siku Jicho Lilipoiona Nadhifa

Niliingia Nchi ya Uwazi nikiwa na homa, na nadhani ndiyo sababu niliiona vizuri. Mtu mwenye afya zake akifika ugenini ana mengi ya kushughulikia. Mgonjwa amelala tu, anatazama. Wengine waliokwisha kufika huko watawaeleza habari za barabara zake na majumba yake. Mimi nitaeleza niliyoyaona nikiwa nimeegemea ukuta wa Bi Msiri, na machache niliyoyaona kabla ya hapo, na ninaanza kwa kushukuru, maana bila watu wale nisingekuwepo nikasimulia.

Nchi hiyo ina Jicho. Si jambo la dini, ni chombo walichokirusha wenyewe miaka ya nyuma, kikapaa juu sana kuliko ndege, na kila siku baada ya adhuhuri kinapita juu yao na kuipiga picha nchi nzima. Kwetu tungeita setilaiti. Wao wanasema Jicho, na wakilitaja hushusha sauti. Kazi yake ni moja, kupima kila mji unatoa hewa ukaa kiasi gani, yaani ile hewa inayotoka katika kila kitu kinachoungua, iwe kuni, mafuta au makaa ya mawe, na ambayo ikizidi angani huifunika dunia kama blanketi na kuitia joto. Walipolirusha walikuwa na nia njema, na waliandika sheria fupi: mji wenye hewa nzito upunguze moto wake. Basi. Mtoto wa darasa la pili angeielewa, na pengine ndiyo maana wakubwa iliwasumbua sana.

Mji wao mkubwa unaitwa Nadhifa. Nilipita humo kabla homa haijanishika sawasawa. Mabomba ya moshi yote yamepakwa rangi ya bluu, ili anayetazama adhani ni anga. Saa ya Jicho ikifika inapigwa kengele, madereva wanazima injini, walio ndani wanatoka nje, na mji mzima unainua uso juu na kutabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mwanamke anayeuza juisi ya ukwaju. Akanigusa kiwiko.

"Tabasamu, dada. Usituharibie mji."

"Kwani linaona meno?"

"Linaona kila kitu hilo."

"Basi na lile bomba kule litaliona."

"Bomba lipi?"

Nikamwonyesha. Kiwanda cha saruji kilikuwa mbele yetu kabisa, upande wa pili wa barabara, kikinguruma, na bomba lake refu kuliko msikiti. Akalitazama, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Aa, hicho kipo nje," akasema.

Baadaye nilielewa. Kwenye ramani ya Nadhifa kiwanda hicho kimezungushiwa duara, na ndani ya duara wameandika "Nje". Hewa yake kwa hiyo si ya Nadhifa. Wafanyakazi wakiingia getini asubuhi huwaaga wake zao kama watu wanaosafiri, na wake zao wanawapungia mikono, kisha wanarudi kumenya viazi barazani huku wanawaona waume zao dirishani mchana kutwa.

Lakini ramani haikutosha, kwa sababu Jicho halisomi ramani. Ndipo wataalamu wa Nadhifa walipogundua jambo lililowafurahisha: Jicho halipenyi wingu. Siku ya mawingu picha inarudi tupu. Wakakimbilia Barazani, kwa wazee wanaotunga sheria za nchi, na sheria fupi ikaongezwa mstari: kisichoonekana ni safi. Mvua zilipokatika na anga likawa jeupe, bila wingu, wakaunda Idara ya Mawingu, na Idara ikapanga masufuria makubwa kama vyumba juu ya vilima vyote vinavyouzunguka mji, yakachemshwa maji humo tangu alfajiri, mvuke ukapanda, ukatanda.

Nilipanda kilima kimojawapo bila kujua chochote kati ya hayo. Niliona malori yanamwaga makaa ya mawe, na wanaume weusi tii kwa masizi wanayasukumia chini ya masufuria kwa sepetu. Kiongozi wao alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kucheka hata asipocheka. Jina lake Chande.

"Kaka, samahani," nikamwambia, "mnapika nini?"

"Wingu."

"Wingu la nini?"

"La kuufunika moto wa mjini usionekane."

Nikafikiri kidogo. "Na moto wenu huu unafunikwa na nini?"

"Na wingu lilelile!" Akacheka, na wenzake wakacheka. "Dada, maswali hayo usije ukawauliza wenye tai. Halafu mbona macho yamekuwa mekundu hivyo? Keti chini, usije ukatumbukia humu tukakupeleka angani pamoja na mvuke."

Sikuwahi kuketi. Nilianguka. Ninachokumbuka ni mgongo wake mpana, harufu ya masizi, na sauti yake ikimwambia mtu, "Angalieni moto wangu, nakuja mbio." Watu wa masufuria hawaruhusiwi kuacha moto hata kidogo. Chande aliuacha, akanibeba kuteremka upande wa pili wa kilima, akanilaza mlangoni pa nyumba ya kwanza yenye mlango wazi, akabisha, akakimbia kurudi kabla hajaonekana.

Mji huo mdogo unaitwa Pokea. Upepo wa nchi ile huvuma kutoka Nadhifa kwenda Pokea karibu mwaka mzima. Na nyumba ile ilikuwa ya Bi Msiri, muoka mikate ya mofa, ile inayochomwa tanurini.

"Wewe mwana," nilisikia mtu anasema juu ya kichwa changu, "unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Njoo huku ukutani."

Ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa tanuri lake. Alilijenga na marehemu mama yake kwa udongo walioukanyaga kwa miguu yao, na tangu siku hiyo halijapoa. Mji mzima wa Pokea unakula mkate wa tanuri hilo, na Bi Msiri hana shamba, hana mume tena, hana kitu kingine. Akatandika mkeka, akaniegemeza pale, na ule uvuguvugu ukaniingia mgongoni mpaka kwenye mifupa. Nimelala sehemu nyingi maishani. Sijapata kulala mahali pazuri kuliko pale.

Nilipoanza kumeza uji aliniuliza, "Nani aliyekuleta?"

"Watu wa kilimani. Anaitwa Chande."

"Basi sharti waje wale." Akanieleza desturi ya Pokea: mgeni ni zawadi, na aliyekuletea mgeni humpa mkate wa moto, unaotoka tanurini ukaingia mkononi mwake. Alikuwa ametuma salamu kilimani mara kadha, jibu ni lile lile, kwamba hawawezi kuacha moto.

"Kwa nini usiwapelekee?" nikauliza.

"Ifike imepoa? Hiyo itakuwa nimewalisha, sijawashukuru." Akageuza kisu mkononi, kama mtu mwenye jambo linalomkereketa. "Litanikaa rohoni hili."

Aliyenieleza mambo ya Jicho ni Bwana Shekue, Msomaji wa Jicho, kijana mwembamba, mtaratibu, aliyekuwa akija kula mkate wakati wa mapumziko. Alitembea na kioo cha ukubwa wa sinia kinachoshushiwa picha za kila siku. Nilimwambia shuleni tulifundishwa kwamba hewa ukaa haionekani wala hainuki. Sasa Jicho linaionaje?

"Haliioni hewa yenyewe," akasema. "Linatazama mwanga wa jua unaorudi juu kutoka ardhini. Hewa ukaa humeza sehemu ya mwanga ule. Jicho linaangalia kimemezwa kiasi gani, linajua hewa ipo kiasi gani."

"Na mabomba ya bluu?"

"Halijui bluu." Akatabasamu kwa aibu, kama vile ni yeye aliyeyapaka.

Akanionyesha kioo. Nadhifa ilikuwa doa jeupe, wingu tupu. Pokea, ambayo haina wingu, ilikuwa nyekundu.

"Lakini Pokea wana moto gani?" nikashangaa. "Si upepo unawaletea?"

"Ndiyo, upepo."

"Umewaambia?"

"Dada yangu," akasema Bwana Shekue, na akatazama mlangoni kwanza, "upepo uko wizara nyingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Msomaji wa Jicho haruhusiwi kusoma upepo, na wasomaji wa upepo hawaruhusiwi kutazama Jicho, na barua ya kuomba wakutane ilikuwa bado inazunguka. Kwa hiyo sheria ilifuata mkondo wake. Pokea ina hewa nzito, Pokea ipunguze moto, na katika Pokea moto mkubwa kuliko yote ni tanuri la Bi Msiri. Siku nilipoweza kusimama bila kushika ukuta, taarifa ilikuja kwamba Baraza linakuja kusikiliza shauri, na likishasikiliza litaliziba tanuri kwa udongo mwekundu na muhuri.

Nilisema "kusikiliza shauri". Bi Msiri akasema, "Wanakuja na udongo tayari umeshakandwa."

Huko sheria inataka moto usikilizwe pale unapowaka, kwa hiyo Baraza liliketi uani kwetu, viti vimepangwa mbele ya tanuri, mawingu ya Nadhifa yametanda mpaka juu ya vilima. Mwenyekiti alikuwa Bi Zamda, mama wa makamo, mtulivu, anayesikiliza huku amefumba macho. Kando yake alikuwa Mheshimiwa Kibwana, mkuu wa Idara ya Mawingu, ndiye aliyeisemea Nadhifa. Watu wa Pokea walisimama ukutani. Bwana Shekue aliwekwa pembeni na kioo chake.

Nilitegemea wataulizana nani ametoa hewa ile. Waliulizana hewa ni ya nani, ya pale ilipozaliwa au ya pale ilipokutwa, na shauri hilo likawachukua asubuhi yote. Mzee mmoja wa Baraza alitaka hewa ipewe uraia. Mwingine akauliza, ikipewa uraia, italipa kodi wapi? Mheshimiwa Kibwana akasimama akaweka sawa koti lake.

"Mbuzi akikutwa shambani kwako anatafuna mahindi," akasema, "mbuzi huyo yuko kwa nani? Yuko kwako. Hatuhitaji kuchimbachimba zaidi."

"Na mwenye mbuzi ni nani?" Bi Msiri akauliza.

Ua mzima ukacheka. Mheshimiwa akasema hilo halimo katika hoja, na Karani akaandika kwamba halimo katika hoja.

Hukumu ikatoka kama tulivyojua itatoka. Bi Msiri hakulia. Alikwenda akaweka kiganja kwenye ubavu wa tanuri, pale nilipokuwa nikilala, akakiacha hapo. Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia. Nilikuwa nimepona kwa moto ule, na sasa ninasimama nautazama ukihukumiwa kwa kosa la jirani.

"Mhukumiwa ana haki ya Mkate wa Kuaga," akasema Bi Zamda, bado amefumba macho.

Ni desturi ya nchi hiyo. Anayezimiwa moto huruhusiwa kuoka mara ya mwisho na kumgawia amtakaye, na hakuna mwenye mamlaka ya kumkatalia. Kwa kawaida huwapa Baraza, akitumaini huruma. Wazee walishaanza kufungua mikoba. Niliona wamekuja na siagi.

"Naomba niwape watu wa masufuria," akasema Bi Msiri. "Wote. Waliniletea mgeni na sijawashukuru."

Siagi ikabaki mikononi. Mheshimiwa Kibwana akashangaa. "Wachocheaji? Wale?"

"Hao hao."

"Wakishuka wote," Bi Zamda akauliza, na sasa alifumbua jicho moja, "wingu litakuwaje?"

"Mwenyekiti, ondoa shaka. Wingu la leo nimelitia sahihi asubuhi," akasema Mheshimiwa Kibwana. "Ni halali mpaka jioni."

Alisema bila kucheka. Alikuwa ametia sahihi mawingu miaka mingi, kila asubuhi akitia sahihi wingu linatokea, na hakuwa amepanda kilima hata mara moja kuona linatokeaje. Nilimtazama Bwana Shekue. Bwana Shekue alitazama viatu vyake.

Basi wakaitwa. Walishuka wakiimba, wakiwa na masizi mpaka kwenye kope, na Chande aliponiona akapiga kelele, "Huyu si maiti wangu huyu! Anatembea!"

"Natembea, kaka. Asante."

"Asante ya nini, ulikuwa mzito kama gunia la chumvi. Bi Msiri, umemlisha nini?"

"Kaa chini, mpumbavu wewe, ule kabla haujapoa," akasema Bi Msiri, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akachomoa mkate wa kwanza tanurini kwa mikono yake iliyozoea, akamwekea kiganjani. Chande akaurusharusha mkono huu na huu, akaupuliza, akaumega. Walikula hivyo, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepokea Bi Msiri alimwambia, "Ahsante kwa mgeni." Sikuwahi kushukuriwa kama kitu kilicholetwa. Nilisimama pale na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Ndipo nilipoona kivuli cha mikono hiyo ukutani. Kilikuwa hafifu, kisha kikakolea. Tangu nifike Pokea sikuwa nimeona kilele cha kilima hata kimoja, na sasa nilikiona, na mawe yake, na masufuria yamepangwa juu yake baridi, bila uzi wa mvuke. Nyuma yake anga lilikuwa linachanika taratibu mpaka Nadhifa. Sikusema kitu. Wazee wa Baraza walikuwa wamemegewa vipande na wachocheaji, wakipaka siagi.

Kwa mbali kengele ya Nadhifa ikalia. Kwa mazoea Baraza zima likainua uso na kutabasamu, midomo imejaa mkate. Jicho likapita.

Kioo cha Bwana Shekue kikawaka. Akakitazama, kisha akakichukua kwa mikono miwili akakiweka magotini mwa Bi Zamda.

"Ni picha ya leo, Mwenyekiti. Haina wingu."

Tulisogea wote. Nadhifa ilikuwa pale, kila mtaa. Wekundu ulianzia sehemu moja, ndani ya lile duara lililoandikwa "Nje", mzito na mwembamba, ukatoka hapo ukipanuka na kupauka, ukavuka vilima na kulala juu ya Pokea, kama rangi ya kitenge kipya inavyotoka majini. Hapakuwa na haja ya kusoma upepo. Na kilimani, penye masufuria, palikuwa na alama nyingine nyekundu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.

"Naomba kutoa hoja," akasema Mheshimiwa Kibwana, sauti ikikwaruza, "kwamba nyekundu ni rangi ya kutisha watu bure. Tuazimie itumike ya waridi."

Hakuna aliyemuunga mkono. Bi Zamda alikuwa ameweka kidole juu ya kioo, macho yote mawili wazi.

"Hapa ni wapi?"

"Ni nyumba za Baraza, Mwenyekiti. Nyuma ya kiwanda."

"Ni kwangu," akasema. "Hili paa ni kwangu. Wajukuu wangu wanacheza hapa." Alisema polepole, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotegemea. Walikuwa hawajawahi kuuona mji wao. Miaka yote ile waliufunika, hata wao wenyewe wasiuone.

"Na langu liko wapi?" Bi Msiri akauliza, akinyoosha shingo. "Nionyesheni tanuri langu."

Bwana Shekue akavuta picha karibu, akavuta tena, akatafuta mtaa kwa mtaa. "Halionekani, Bi Msiri. Ni dogo mno."

"Kisichoonekana ni safi," akasema Mheshimiwa Kibwana. Yalimtoka yenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu. Kisha akafunga mdomo, lakini Karani alikuwa ameshaandika.

Chande ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikaubeba ua wote. Bi Zamda alisubiri kiishe. "Imesemwa na msemaji wa Nadhifa mwenyewe," akasema. "Tanuri lisizibwe. Huo udongo urudi ulikotoka."

Nilidhani Bi Msiri atapiga vigelegele. Alipangusa mikono kwenye kanga yake.

"Nashukuru, Mwenyekiti. Lakini safi si kweli. Mimi nachoma kuni kila siku. Niandikeni na kidogo changu, kiwe kama kilivyo."

Bi Zamda akamwambia Karani aandike.

Wachocheaji walianza kuinuka. "Mwenyekiti, turuhusu," akasema Chande. "Masufuria yamepoa. Tusipowasha sasa, kesho hakuna wingu."

"Najua."

"Na kesho Jicho linapita tena."

"Najua, mwanangu. Keti, umalize mkate wako."

Hayo ndiyo niliyoyaona. Niliondoka baada ya siku chache, na nasikia huko bado wanabishana, na Mheshimiwa Kibwana bado anatia sahihi, ila sasa anatia sahihi anga jeupe. Sijui. Mimi nilikuwa mgeni, na nililetwa, na nilishukuriwa.

Ila tangu nirudi nina mazoea mapya. Mchana nikiwa ninapika, jua likishapita kichwani, huwa natoka uani kidogo na kutazama juu. Situlizi uso wala sitabasamu. Jiko langu la mkaa linawaka nyuma yangu, na mimi nimesimama kando yake, anga jeupe, ili nionekane na kidogo changu.